Ufadhili wa waimbaji vijana Uingereza: mwongozo kwa familia zetu

Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizoko Uingereza zina mtoto anayeimba. Jumapili anashika alto au teno bila kuelekezwa, na wimbo akiusikia mara mbili tayari anao. Wazazi wanafurahi, waumini wanampongeza, na mambo yanaishia hapo. Wakati huohuo nchi hii ina vyama vya kwaya, makanisa makuu, vyuo na mifuko ya hisani inayowalipia vijana wa aina hiyo masomo ya sauti, kozi za likizo, hata sehemu kubwa ya ada ya shule. Kwa ninavyoona, tunakwama kwa mambo mawili: hatujui mlango uko wapi, na vijana wetu wengi hawasomi nota za mistari mitano. La pili ndilo zito zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kuliko mengine.

Mlango wa kwanza unafunguliwa mapema

Makanisa makuu ya Kianglikana, pamoja na baadhi ya Kikatoliki, huchukua watoto waimbaji wakiwa na umri wa miaka saba au nane hivi. Kwa umri huo hawadai mtoto ajue kusoma muziki. Kwenye majaribio ataimba wimbo mmoja aliouandaa, atapigiwa kipande kifupi cha tuni kwenye piano akirudie, atapiga makofi kufuata mdundo, na pengine atapigiwa sauti tatu kwa pamoja aitoe ile ya katikati. Mtoto aliyekulia kwenye kwaya zetu, aliyezoea kusikia sauti nne zikipishana tangu akiwa mgongoni, ana mtaji mkubwa kwa majaribio ya namna hiyo. Akishaingia anafundishwa nota karibu kila siku, na huo ndio utajiri wenyewe. Akifika miaka kumi na mitatu anasoma muziki kama anavyosoma gazeti.

Wasichana nao wana nafasi. Kanisa Kuu la Salisbury lilianzisha kwaya ya wasichana mwaka 1991, kwaya ya St John's College, Cambridge, ilianza kupokea wasichana na wanawake mwaka 2022, na St Paul's ya London ikapata wasichana wake wa kwanza wenye hadhi kamili ya uimbaji mwaka 2024. Kwa hiyo mzazi mwenye binti asiambiwe kwamba mambo haya ni ya wavulana.

Swali la ada lishughulikieni kwa makini. Shule nyingi zinazolea kwaya hizi ni za binafsi, na tangu tarehe 1 Januari 2025 ada za shule binafsi zinatozwa VAT ya asilimia 20. Ukisikia mtoto "amepata skolashipu", uliza: ni asilimia ngapi ya ada? VAT imo? Sare, masomo ya kinanda na safari za kwaya analipa nani? Kama kilichobaki kinawazidi, uliza waziwazi kuhusu msaada unaopimwa kwa kipato cha familia. Shule huwa nao, na Choir Schools Association, chama kinachounganisha shule hizi, kimekuwa kikisaidia familia zenye kipato kidogo. Kuomba si aibu. Wenyeji wanaomba kila mwaka.

Zipo pia shule za serikali zisizotoza ada ya masomo. London Oratory School ni ya Kikatoliki na ina kwaya ya wavulana inayoanzia umri wa miaka saba. Bristol Cathedral Choir School ni ya serikali tangu 2008, na Minster School ya Southwell nayo iko kwenye kundi hilo. Huko Leeds, dayosisi ya Kikatoliki inapeleka walimu wa uimbaji kwenye shule za kawaida, kisha watoto wanaopenda wanaendelea kwenye kwaya. Kwa familia nyingi zetu ningeanza kutafuta hapa kabla ya kufikiria bweni.

Jambo moja la kujua kabla ya kusaini chochote: mtoto wa kwaya ya kanisa kuu yuko kazini Krismasi na Pasaka. Mazoezi ni asubuhi kabla ya masomo, na ibada za jioni ni siku kadhaa kwa wiki. Safari ya kwenda kwa babu na bibi mwezi Desemba itabidi ihamie Agosti.

Solfa ni mali, iongezeeni mistari

Ukikosa mlango wa miaka minane, milango inayofuata karibu yote inamtaka kijana asome nota kwa macho, papo hapo, wimbo ambao hajawahi kuuona. Hapa ndipo vijana wenye sauti nzuri kabisa wanapoanguka. Kwaya zetu zimelelewa kwa solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi, au kwa kukariri kutoka kwenye rekodi. Wanaokariri wana kazi kubwa zaidi. Ila mwenye solfa ameshapita nusu ya safari, na ni vizuri ajue hivyo, kwa sababu wengi wanaionea haya solfa wakifika huku wakidhani ni elimu ya kijijini.

Solfa ile ilitoka Uingereza hiihii. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyebuni mfumo wake wa awali, na mchungaji John Curwen akaueneza katika karne ya 19 ili watu wasio na uwezo wa kulipia mafunzo ya muziki waweze kuimba kwa kusoma. Wamisionari wakaubeba hadi kwetu. Na leo walimu wengi wa sauti hapa, hasa wanaofuata njia ya Kodály, mwanamuziki wa Hungaria, wanafundisha kwa "do" inayohama kufuata ufunguo wa wimbo, kama mwalimu wa kwaya wa nyumbani.

Kwa hiyo msimwanzishe kijana upya. Mfundisheni kuitafuta do kwenye mistari. Njia ni hii: angalieni alama zilizoko mwanzo wa mstari. Kama ni shapu (♯), ile ya mwisho kulia ni ti, basi do iko hatua moja juu yake. Kama ni flati (♭), ile ya mwisho ni fa. Shukeni hadi do. Zikiwa flati mbili au zaidi, ile ya pili kutoka mwisho imekaa palepale pa do. (Hii ni kwa nyimbo za meja, zinazotulia kwenye do; tuni ikiwa ya maina, itatulia kwenye la.) Kisha tazameni do imekaa wapi. Ikiwa kwenye mstari wenyewe, mi na so ziko kwenye mistari miwili inayofuata kwenda juu. Ikiwa kwenye nafasi kati ya mistari, mi na so ziko kwenye nafasi mbili zinazofuata. Kijana akizishika hizo tatu kwa macho, re, fa, la na ti anazijaza mwenyewe.

Zoezi linalofaa kuliko yote halina gharama. Chukueni kitabu cha nyimbo chenye solfa na kitabu cha Kiingereza chenye tenzi zilezile kwa mistari mitano; nyingi ni tuni moja. Viwekeni sambamba mezani. Kijana aimbe kutoka kwenye solfa, kisha afunike solfa aimbe kutoka kwenye mistari. Baada ya muda, akipe mgongo kitabu cha solfa kabisa, na kila siku asome tuni moja asiyoijua, mara moja tu, bila kurudia hata akikosea. Kutokurudia ni muhimu, kwa sababu kwenye usaili hakuna kurudia. Dakika kumi za kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi.

Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki, inasaidia kuonyesha kiwango. Ina ngazi nane, na kuanzia ya sita kijana lazima kwanza awe amefaulu mtihani wa ngazi ya tano, ule wa nadharia ya muziki au mwingine wanaoukubali badala yake. Nadharia ile msiiahirishe.

Umri wa sekondari

Hapa ndipo vyama vyenyewe vinaonekana. National Youth Choir huchukua vijana kutoka kila pembe ya nchi kwa majaribio, na wasio na uwezo huomba kupunguziwa au kufutiwa gharama. Rodolfus Foundation huendesha kozi za kwaya wakati wa likizo, nayo ina msaada kwa wanaohitaji. Royal School of Church Music, iliyoanzishwa 1927, ina mtaala wa hatua kwa hatua ambao kwaya ya parokia yoyote inaweza kuutumia. Idara za vijana za vyuo vya muziki, kama Royal Academy of Music ya London au Royal Northern ya Manchester, hufundisha Jumamosi na hutoa ufadhili. Kwa wenye miaka 18 hadi 23 kuna Genesis Sixteen, mpango wa kundi la waimbaji la The Sixteen ulioanza 2011, ambao mshiriki halipi kitu.

Ushauri wangu ni kuanza na kozi moja fupi ya likizo. Kijana atakutana na wenzake, atasikia kiwango kikoje, na mwalimu wa kozi anaweza kuwa ndiye atakayemwandikia barua ya pendekezo baadaye.

Chuo kikuu, pesa na viza

Oxford, Cambridge, Durham, St Andrews na Royal Holloway zina nafasi za ufadhili wa waimbaji wa kwaya, na si lazima mtu awe anasoma muziki. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kuwa besi wa kwaya ya chuo. Msitegemee hela hizo zilipe ada. Mara nyingi ni mamia ya pauni kwa mwaka. Faida iko kwenye masomo ya sauti ya bure, safari, na miaka mitatu ya kuimba kila wiki na watu wanaojua kazi yao. Makanisa makuu nayo huchukua waimbaji wa mwaka mmoja waliomaliza sekondari, na baadhi huwapa makazi.

Kwenye usaili wa ngazi hii watasikiliza wimbo ulioandaliwa, kusoma nota kwa macho, na majaribio ya sikio. Kwaya hizi hupenda sauti iliyonyooka, isiyotetemeka sana, inayozama ndani ya wenzake. Kijana aliyezoea kuongoza sifa kwa kifua kizima asidhani sauti yake ni mbaya. Ajifunze kuimba kwa upole na irabu zilizo wazi, na ile nguvu aitunze, itahitajika.

Sasa viza, na hapa nawasihi msome mara mbili. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kufanya kazi ya burudani, na mwanamuziki wa kulipwa anahesabiwa humo. Wanaosoma shahada ya muziki wana nafuu kwa mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya kozi yao. Kuimba harusini kwa pauni chache kunaweza kuharibu viza ya mtu. Kabla ya kupokea malipo yoyote ya kuimba, hata yale yanayoitwa skolashipu, uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo na upate jibu kwa maandishi.

Kwa familia ambazo viza zao zinakataza kutumia fedha za umma, ufadhili wa shirika la hisani hauhesabiwi kuwa fedha za umma kwa maana hiyo. Mipango inayolipiwa na serikali ndiyo yenye masharti yake ya makazi.

Barua ya maombi

Andikeni kwa ufupi na ukweli: kijana anaimba sauti gani, wapi, chini ya nani, anataka kulipiwa nini hasa, na kiasi gani. "Naomba pauni kadhaa kwa ajili ya masomo kumi ya sauti" inasikilizwa kuliko "naomba msaada katika safari yangu ya muziki". Wekeni karatasi za kipato kama zinavyotakiwa. Uongozi wa kwaya ya Kiswahili ni uongozi: kama kijana anawafundisha sauti ya tatu wenzake kila Ijumaa, hiyo iandikwe. Mwalimu wa kwaya wa nyumbani anaweza kuandika pendekezo kwa Kiswahili, likatafsiriwa na kuambatanishwa yote mawili. Baadhi ya vyama hutaka kwaya yako iwe mwanachama kwanza, kwa hiyo soma masharti miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho.

Mfuko wetu wenyewe

Kwaya zetu za hapa zinaandaa matamasha na kuuza DVD. Sehemu ya mapato hayo inaweza kulipia nota na mwalimu wa sauti kwa vijana wawili watatu kila mwaka, bila kungoja mtu mwingine. Katika England na Wales, shirika la hisani lenye mapato yanayozidi pauni 5,000 kwa mwaka hujiandikisha kwa msajili wake, Charity Commission. Scotland hujiandikisha kwa msajili wa huko, OSCR, hata mapato yakiwa madogo. Likitambuliwa pia na HMRC, mamlaka ya kodi, linaweza kudai Gift Aid, yaani kurudishiwa kodi iliyolipwa juu ya mchango, ambapo pauni 100 za mchango wa mlipakodi zinakuwa 125. Tiketi ya tamasha haihesabiwi kuwa mchango, kwa hiyo kikapu cha sadaka na mauzo ya tiketi viandikwe kwenye vitabu tofauti.

Kanuni ziandikwe kabla fedha hazijapatikana: nani anastahili, nani anaamua, na kiasi cha juu kwa kila kijana. Mjumbe wa kamati ambaye mwanawe ameomba atoke nje wakati wa uamuzi, na muhtasari wa kikao uonyeshe kwamba alitoka. Malipo yaende moja kwa moja kwa mwalimu au kwenye kozi, kwa risiti. Anayefundisha watoto awe na cheti cha ukaguzi wa rekodi ya jinai (DBS kwa England na Wales), hata akiwa mzee wa kanisa anayeheshimiwa na wote.