Tahadhari ikifika saa 5 usiku: kazi ya redio ndogo ya pwani

Nina miaka kumi na moja kwenye redio ya jamii wilayani Kilwa, mingi kati ya hiyo nikiwa mhariri wa zamu. Kituo chetu ni vyumba vitatu, mnara mmoja na jenereta yenye sauti kubwa kuliko watangazaji wote tukijumlishwa. Kila masika ikikaribia, vijana wanaoanza kazi huniuliza swali lile lile: karatasi ya tahadhari ikija kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, si tunaisoma tu ilivyo?

Hapana. Kuisoma ni sehemu ndogo ya kazi, tena ya mwisho.

Nani ataamshwa

Redio nyingi za kwetu usiku huachiwa kompyuta. Kuanzia saa 4 taarabu na mawaidha yanajipiga yenyewe hadi alfajiri, na mtu pekee kituoni ni mlinzi. Kwa hiyo kabla hujafikiria kununua kifaa chochote, amua nani ataamshwa, na nani atamwamsha. Sisi tuna karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa studio, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ina namba za mkurugenzi, fundi mitambo, mtangazaji anayeweza kufika kwa miguu hata mvua ikinyesha, ofisi ya Mkuu wa Wilaya (ndiko kamati ya maafa ya wilaya iliko), viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe na uvuvi) za bandari zetu, polisi 112 na Zimamoto 114. Namba zilizo ndani ya simu ya mtu mmoja hazina maana simu ile ikiishiwa chaji.

Mlinzi wetu tumemfundisha jambo moja tu: kusimamisha muziki na kuwasha rekodi fupi inayosema, "Kaa karibu na redio yako, kuna taarifa muhimu inakuja." Maikrofoni haigusi. Tunafanya naye zoezi kila mwezi, na sijaona mtu anayelipenda zoezi kama yeye.

Halafu kuna umeme. Upepo ukianza tu, umeme wa gridi huwa wa kwanza kuaga. Minara ya simu nayo hufuata betri zake zikiisha, na hapo redio ndiyo inayobaki kusema na watu. Jenereta iwe na mafuta ya saa 12 yasiyoguswa. Nasema yasiyoguswa kwa sababu mwaka mmoja tuliiwasha tukiwa na uhakika dumu limejaa, kumbe petroli yote imenywewa na pikipiki ya ofisi. Siku hizi dumu lina kufuli. Waya wa jenereta ulishe transmita (mtambo wa kurusha matangazo), mikisa ya kuchanganyia sauti na taa moja. Feni na friji ya chai ya maziwa vingoje. Mafuta yakianza kupungua, mwambie fundi ashushe nguvu ya transmita: ukiishusha nusu, umbali wa kusikika haupungui nusu, na vijiji vya karibu wataendelea kukusikia.

Imetoka wapi?

Kwa sheria, tahadhari ya hali ya hewa Tanzania hutolewa na TMA. Si na mtu wa kundi la WhatsApp, hata akiwa mwalimu wako wa zamani. Taarifa yao ina tarehe na saa ya kutolewa, ina eneo, ina kiwango. Ikikosa tarehe, kwetu haisomwi. Tuliwahi kuletewa picha ya tahadhari nzuri kabisa, yenye rangi na nembo, na mtangazaji alikwisha kukaa kitini. Nikauliza, tarehe iko wapi? Ilikuwa imekatwa. Tulipouliza, ikaonekana ni ya mwaka uliotangulia.

Ukitaka kuhakiki, piga namba uliyokuwa nayo siku zote, usipige ile iliyokuja na ujumbe. Dakika tano za kuhakiki hazimuui mtu kwenye upepo unaotarajiwa kesho. Tsunami ni habari nyingine. Ile ya Desemba 26, 2004 ilichukua saa kadhaa kuvuka bahari kutoka Sumatra, na bado iliwakuta watu wakiogelea kwenye fukwe zetu, zaidi ya kumi wakafa. Kwa hatari ya namna hiyo, hakiki kwa simu moja huku mwenzako ameshakaa kwenye maikrofoni anasubiri.

Kuiandika upya

Hapa ndipo kazi ilipo. Lugha ya karatasi huwa ya namna hii:

"Angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 limetolewa kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani ya kusini (mikoa ya Lindi na Mtwara)."

Hakuna kosa lolote hapo. Ila siku moja baada ya kulisoma neno kwa neno, mzee mmoja wa Songosongo alipiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hizo mita mbili, zinanifika wapi mimi nikisimama?"

Nikamwambia zinampita kichwa.

"Basi si ungesema hivyo."

Tangu siku hiyo tunasema hivyo. Namba hatuiondoi, tunaiongezea mwili: mawimbi ya mita 2, yaani kumpita mtu mzima aliyesimama, upepo wa kilomita 40 kwa saa, yaani wa kuyumbisha matawi makubwa ya mwembe na kukushinda kushika mwavuli.

Jina la kiwango usiliguse. TMA wana angalizo, wana tahadhari, wana tahadhari kubwa, na kila moja ina uzito wake. Mtangazaji mwenye damu moto hupenda kuipandisha angalizo cheo ili kipindi kichangamke. Ukifanya hivyo mara tatu bahari ikakaa shwari, ya nne watakuzimia redio, na ya nne ndiyo itakuwa ya kweli.

Eneo nalo lina mtego wake. Kwenye karatasi za TMA, pwani ya kusini ni Lindi na Mtwara. Mkoa wa Pwani, pamoja na kisiwa cha Mafia, uko kundi moja na Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba: pwani ya kaskazini. Sasa sisi tuko Kilwa, mkoa wa Lindi, lakini hewa ikiwa safi tunasikika hadi Muhoro, upande wa Rufiji. Ukimwambia mtu wa Muhoro "pwani ya kaskazini" hawezi kujua unamsema yeye. Kwake kaskazini ni Tanga huko. Kwa hiyo taja mahali kwa majina: Kilwa Kivinje, Masoko, Somanga, Songosongo, Muhoro. Mtu hushtuka akisikia jina la kijiji chake, na kushtuka kidogo ndiko tunakokutaka.

Saa ndiyo iliyowahi kututia aibu. Taarifa za vimbunga vya eneo letu zinazotolewa na kituo cha vimbunga cha Réunion, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi, hutumia saa ya kimataifa (UTC). Ukiona 18:00 humo, ongeza saa tatu upate 21:00 ya kwetu, kisha iseme Kiswahili: saa 3 usiku. Kisha kuna siku yenyewe. Ukisema "usiku wa Jumamosi", kijana ataelewa Jumamosi jua likishazama. Bibi yangu ataelewa Ijumaa usiku, maana kwa wazee wa pwani siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Saa 24 nzima zinapotea hapo. Sema "usiku wa kuamkia Jumamosi", utaeleweka na wote wawili.

Tazama na mwezi. Upepo wa kutoka baharini ukikutana na maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda hadi kwenye nyumba ambazo wakati wa maji mafu, yanayojaa kidogo, yasingezifikia. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilitukuta mwezi bado siku chache uandame, bamvua haijafika. Wazee walilisema hilo kabla yetu.

Mwisho, kitendo. Tangazo lisilomwambia mtu afanye nini ni habari tu. Lakini maneno ya kitendo usiyatunge wewe studio usiku wa manane. Sisi tulikaa na viongozi wa BMU na mtu wa kamati ya maafa kabla ya masika, tukayakubali mapema, tukayapiga chapa. Kwa hiyo lile angalizo la juu hewani hutoka hivi:

"Msikilizaji, hili ni angalizo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, limetolewa leo Alhamisi saa 9 alasiri. Linahusu mikoa ya Lindi na Mtwara. Kwetu hapa ni Somanga, Kivinje, Masoko na Songosongo. Kuanzia usiku wa leo wa kuamkia Ijumaa hadi Jumamosi jioni, baharini kunatarajiwa upepo mkali wa kufikia kilomita 40 kwa saa, wa kuyumbisha matawi makubwa ya mwembe, na mawimbi ya kufikia mita 2, kumpita mtu mzima aliyesimama. Mwenye mtumbwi, ngalawa au mashua ndogo, usitoke kabla ya kuzungumza na BMU ya bandari yako. Uliye dago, kwenye kambi ya uvuvi, vuta chombo juu ya alama ya maji ya bamvua. Tutarudia taarifa hii saa 2 kamili usiku."

Isome kwa sauti kabla ya kwenda hewani. Ukiishiwa pumzi katikati ya sentensi, ikate.

Hewani

Tunatanguliza mlio wa mbiu ya pembe, sekunde nane. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na sharti ni kwamba haililii jambo jingine. Mfanyabiashara mmoja wa magodoro aliwahi kutaka kuinunua kwa tangazo lake, na fedha zilikuwa nzuri. Tulikataa, japo mshahara wa mwezi ule ulichelewa.

Hakuna muziki chini ya sauti. Soma taratibu, mara mbili mfululizo, maana mara ya kwanza mtu anaita wenzake waje wasikie. Angalizo tunalirudia kila saa. Tahadhari kubwa kila robo saa, na vipindi vingine vinasimama hata kama ni mpira. Lenga wakati watu wanaposikiliza: kabla ya magharibi, baada ya isha, na kabla wavuvi hawajashuka pwani alfajiri. Wengi wao wanasikilizia simu za kitochi, ambazo nyingi bila waya wa masikioni hazishiki masafa, kwa hiyo tangazo letu la kwanza la masika kila mwaka ni kuwakumbusha wanunue waya na betri.

Leseni inatutaka Kiswahili. Bibi wa kijijini anayeelewa Kimatumbi zaidi atafikishiwa na mjumbe, ambaye hana leseni ya kumzuia. Ndiyo maana tukimaliza kusoma tunawapigia maimamu na wenyeviti wa vijiji. Kipaza sauti cha msikiti kinafika pale ambapo redio imezimwa.

Simu za wasikilizaji ni hazina, na zina hatari yake. Usimtoe mtu hewani moja kwa moja. Ongea naye kwanza nje ya hewa: uko wapi, unaona nini kwa macho yako, maji yamefika goti au kiuno, yanapanda au yanashuka? Aliyeona atajibu haraka. Aliyesikia kwa jirani ataanza na "wanasema". Taarifa ya maana ipeleke kwanza kwa kamati ya wilaya, kisha itangaze.

Hatari ikipita

Hili tulilikosea, na nalisema ili usilirudie. Hidaya iliingia Mafia Jumamosi ya Mei 4, 2024. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesitishwa, na sisi tulikesha kituoni tangu mchana. Taarifa ilipokuja kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, tulishangilia studio. Mtangazaji wetu akafungua maikrofoni akasema, "Ndugu zangu, yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Kilichopoteza nguvu ni kimbunga. Mvua yake ilikuwa bado. Ilishuka hadi ikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, magari yakalala barabarani upande huu na upande ule. Asubuhi mama mmoja alinipigia akiwa ndani ya basi na watoto wawili. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, si mlisema yamekwisha?"

Tangu hapo tangazo la kufunga lina sehemu mbili, na haliendi hewani likikosa moja: nini kimekwisha, na nini bado. "Upepo umepungua kwa mujibu wa taarifa ya TMA ya saa 5 usiku. Mvua kubwa inaendelea. Usivuke mto wala daraja lenye maji juu yake, hata ukiliona gari la mbele limepita." Na neno "yamekwisha" tumelifuta kwenye karatasi zote za studio.

Kesho yake, kabla hujalala, andika daftarini: taarifa ilifika saa ngapi, ilisomwa saa ngapi, nani aliisoma, umeme ulikatika lini, mafuta yalitumika lita ngapi. Kisha jaza dumu, lifunge, na ufunguo mrudishie mlinzi.