Kunakili muundo wa hifadhidata bila data yake

Hifadhidata ya chama chetu cha akiba hapa Kisumu iko kwenye PostgreSQL, programu ya kusimamia hifadhidata. Nikitaka kujaribu jambo jipya, naunda nakala tupu. Namba za vitambulisho na madeni ya watu hayatoki kwenye seva kamwe. Ninachohitaji ni majedwali tu.

Toa skripti, yaani faili la amri za kuunda majedwali, hivi:

pg_dump -s -O -x -f muundo.sql akiba

Hiyo -s inaacha data, -O inaacha wamiliki, na -x inaacha ruhusa, kwa sababu watumiaji hao huenda hawapo kwenye kompyuta nyingine. Sasa fungua faili uisome, tafadhali. Majedwali yanaundwa kwanza, funguo za nje (zinazounganisha jedwali moja na jingine) zinafuata mwishoni kwa ALTER TABLE. Ndiyo maana jedwali la mikopo linaweza kuundwa kabla ya lile la wanachama. Ukiandika skripti kwa mkono, fuata mpangilio huohuo.

Kisha unda hifadhidata tupu na uiendeshe skripti ndani yake:

createdb akiba_jaribio
psql -v ON_ERROR_STOP=1 -f muundo.sql akiba_jaribio

Usiiache hiyo ON_ERROR_STOP. Bila yake psql hulipita kosa na kuendelea. Nilipoteza Jumamosi nzima nikitafuta jedwali la marejesho ambalo halikuundwa kabisa.

Mwisho, toa muundo wa nakala kwa amri ileile ya kwanza, ukibadilisha jina la faili na la hifadhidata, ulinganishe faili mbili kwa diff, amri inayoonyesha mistari inayotofautiana. Tofauti yoyote kwenye CREATE au ALTER ichunguze.

Wenzangu mnaotumia MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, tumieni mysqldump --no-data --routines. Triga (amri zinazojiendesha data ikibadilika) huja zenyewe, lakini taratibu zilizohifadhiwa (programu ndogo zilizo ndani ya hifadhidata) haziji msipoziomba kwa --routines.