SOMO: Manoomin ya kupeleka kwenye meza ya Shukrani

Habari zenu jamani. Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ya Marekani, hiyoo inakuja, na sisi wa huku Minnesota tutaalikwa tena kula bata mzinga. Msiende mikono mitupu.

Pakiti dukani imeandikwa "wild rice", lakini huu si mpunga tuujuao. Ni mbegu za nyasi ziotazo majini. Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, huziita manoomin. Huvuna kuanzia mwisho wa Agosti: mmoja anasukuma mtumbwi kwa pondo, mwenzake anainamisha mabua na kuyapiga kwa vijiti viwili, mbegu zinaangukia chomboni. Baadaye hukaangwa, hukanyagwa kutoa maganda, kisha hupetwa, kama bibi na ungo wake.

Mwaka wangu wa kwanza nilipima maji kama ya wali, mawili kwa moja. Yakakauka, punje ngumu kama changarawe, wageni wakatafuna kwa adabu. Manoomin huchemshwa kama maharage: maji mengi, halafu unamwaga.

Kwa watu wanane:

1. Osha kikombe kimoja na nusu cha manoomin kwa maji baridi.

2. Bandika na vikombe sita vya maji na kijiko cha chai cha chumvi. Ikichemka, punguza moto, funika. Nyeusi ya dukani huchukua dakika 45 hadi 60. Ile ya kahawia iliyovunwa kwa mkono huwahi, anza kuonja dakika ya 20. Tazama punje: ikipasuka ubavuni na weupe wa ndani ukachungulia, epua na uchuje. Ikishajikunja imepitiliza.

3. Kaanga kitunguu na mabua mawili ya selari kwa vijiko vitatu vya siagi. Tia uyoga gramu 250, usiuwekee chumvi mpaka ukaukiwe maji yake. Kisha saumu na thaim.

4. Changanya vyote na nusu kikombe cha kranberi kavu. Juu nyunyiza pekani. Mimi hutia korosho, na hakuna aliyewahi kulalamika.

MASWALI

— Dada, nikitia tui?
Unaweza, ila tui litaifunika ile harufu ya moshi na ziwa. Tui waachie wali.

— Pakiti yangu imechanganywa na mchele wa kawaida.
Basi fuata muda wa pakiti. Ukichemsha saa nzima, ule wa kawaida utakuwa mashendea.

— Naweza kupika Jumatano?
Ndiyo, tena afadhali, maana Alhamisi oveni ni ya bata mzinga. Weka kwenye friji bila korosho. Bata akishatoka na kupumzishwa, tia nusu kikombe cha supu ya kuku kwenye bakuli la oveni, funika kwa foili, pasha dakika 25 kwa nyuzi 350 za Farenhaiti. Korosho ziingie mezani, zisije zikalegea.