Fundi, usitoboe mwimo kabla hujauliza mezuza inakwenda wapi

Mama mmoja Myahudi alipanga nyumba Nyali, Mombasa, akaniita nimtobolee milango ya kutundikia mezuza. Nikahesabu kumi na mmoja, nikatoa drili, nikaanza na uliokuwa karibu: wa choo. Mama alishika kichwa.

Basi anzia hapo. Choo na bafu haviwekewi mezuza. Mezuza ni kipande cha ngozi chenye mistari 22 iliyoandikwa kwa mkono, maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 11, wala hakikai penye najisi. Chumba cha kulala, sebule, jikoni, hata stoo ya vyakula, tia.

Kisha toa tepu. Chumba kiwe dhiraa nne kwa nne, karibu mita mbili kila upande. Kile kijichumba cha pasi chini ya ngazi kikasalimika. Mlango uwe na miimo miwili na kizingiti cha juu. Ukikuta mwimo mmoja tu, upande wa pili ukuta unapita moja kwa moja, ngoja aulize rabi wake. Na matao kama haya yetu ya Mji wa Kale? Nilimuuliza kwa udaku tu. Tao linahesabika ikiwa miimo imesimama wima viganja kumi, kama sentimita 80, kabla ya kupinda.

Upande ni kulia kwa anayeingia. Kati ya vyumba viwili hujui nani anaingia wapi, tazama bawaba: mlango unakofungukia ndiko ndani. Kimo ni mwanzo wa thuluthi ya juu. Mlango wa sentimita 210, kitako cha kijaluba kinachobeba ngozi kikae 140 toka chini, tena ukingoni mwa nje wa mwimo, kisizidi kiganja kimoja kuelekea ndani. Ashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huilaza kidogo, kichwa kikielekea chumbani. Sephardi, wenye asili ya Hispania na Ureno, huisimamisha wima. Uliza kabla, mvule hausamehe tundu la pili.

Haraka ya nini? Mpangaji nje ya Israeli ana siku 30. Na kuipachika si kazi yangu: nilichimba tundu, mama akasoma baraka moja kwa milango yote, akakaza skrubu mwenyewe. Ngozi hukaguliwa mara mbili kila miaka saba; kwa chumvi ya pwani hii, nilimwambia asingoje.

Tundu la choo nililiziba kwa unga wa mbao na gundi. Ukiinama bado unaliona.