Umepata barua ya kuitwa juri Marekani? Soma hapa kabla hujaitupa

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi huu peke yake nimepigiwa simu na watu watatu wa kwetu wote na jambo lile lile, barua ya mahakama imekuja nyumbani, mikono inatetemeka, "dada nimefanya nini mimi?" Hujafanya kitu. Unaitwa ukakae juri, yani ukasikilize kesi ya mtu mwingine na wewe na wenzako ndio mseme ana hatia au hana. Nimeona niandike yote hapa maana nilipoitwa mimi nilikosa wa kumuuliza kwa Kiswahili.

Mimi niko Texas, kwetu Tanga, kazi yangu kuhudumia wazee, shifti ya usiku. Uraia niliapa 2019. Kwenye yale maswali 100 ya kukariri ya mtihani wa uraia wa wakati ule kulikuwa na moja linauliza wajibu gani ni wa raia wa Marekani tu, na jibu mojawapo ni kukaa juri, nikalikariri, nikatoka pale sikuliwaza tena mpaka Septemba 2024 barua ilipokuja.

Hatua ya 1: Soma barua yote. Usiishie kwenye neno samansi (hati ya kuitwa mahakamani) ukapaniki. Angalia ni mahakama gani, ya kaunti (eneo kama wilaya) au ya federali (serikali kuu ya Marekani), kwasababu malipo na taratibu zinatofautiana. Angalia tarehe, namba yako na namba ya kundi lako, alafu ipige picha hiyo barua maana utaitafuta siku ya siku usiione. Jina lako halikuchaguliwa na mtu, kompyuta inachukua majina kwenye orodha ya wapiga kura na kwenye majimbo mengi orodha ya wenye leseni za udereva pia.

Hatua ya 2: Jaza fomu, kwa ukweli. Mahakama nyingi siku hizi unajaza kwenye intaneti. Wataka kujua we ni raia, umefika miaka 18, unaishi eneo hilo (federali wanataka uwe umekaa mwaka 1 kwenye eneo la mahakama), Kingereza unasoma na kuandika na kuelewa, na huna kosa kubwa la jinai. Kama tarehe ni mbaya, una safari au mgonjwa ndani, omba kusogezewa mbele. Mara nyingi ukiomba mara ya kwanza na mapema wanakubali. Kinachokuharibia ni kukaa kimya, maana kuna majimbo ukipuuza unaitwa ujieleze kwa jaji na faini juu.

Hatua ya 3: Kazini. Wapelekee nakala ya barua siku ile ile. Mimi msimamizi wangu aliniambia "we waambie tu huelewi Kingereza watakuacha", nikamwambia kila siku naandika ripoti za wagonjwa kwa Kingereza ntasemaje mbele ya jaji sielewi? Sheria ya federali inakataza kukufukuza kazi kwasababu ya juri ya federali, na majimbo mengi nayo yana sheria zao za hivo hivo. Kulipwa mshahara zile siku ni jambo lingine, sehemu nyingi mwajiri halazimiki, kaulize mapema. Na wale wenzangu wa usiku, tafadhali usipige shifti usiku wa kuamkia juri, unaenda kusikiliza maisha ya mtu, huwezi kusinzia pale.

Hatua ya 4: Jioni ya kabla yake angalia simu au tovuti iliyoandikwa kwenye barua. Kuna wanaoambiwa kundi lako halihitajiki, wanabaki nyumbani.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Wahi, maana kuna foleni ya ukaguzi kama erpoti. Mimi bangili zangu zililia nikavua zote nikapita tena. Alafu unakaa kwenye ukumbi mkubwa mnasubiri, na mtasubiri kweli, chukua kitu cha kusoma na sweta maana ile AC ni ya kumgandisha mtu. Nilikaa katikati ya kijana wa gereji na mama mmoja mwalimu mstaafu. Nilitazama ule ukumbi nikasema humu ndani yupo kila mtu, mweupe, mweusi, Mmeksiko, tajiri, mwenye viatu vimetoboka, wote tunaitwa kwa namba.

Hatua ya 6: Maswali ya kuchaguliwa. Hapa ndo watu wa kwetu wanapaogopa. Mnaingizwa chumba cha mahakama, sisi tulikuwa kama 20, jaji anaongea kwanza, alafu mwendesha mashtaka na wakili wa mtuhumiwa wanawauliza maswali. Wanatafuta kujua kama una upande tayari. Umewahi kuibiwa? Una ndugu polisi? Kesi yetu ilikuwa ya kuendesha gari umelewa, wakauliza nani hanywi kabisa kwa sababu ya dini, nikanyoosha mkono. Wakili akaniuliza, kama wewe pombe ni haramu kwako utaweza kumsikiliza huyu bwana bila kumhukumu kwa kunywa tu? Nikamwambia kunywa sio kosa kwa sheria ya hapa, kosa ni kuendesha ukiwa umelewa, nitaangalia hilo.

Swali lililonikaa ni jingine. Aliuliza, mtuhumiwa akiamua asiseme neno mpaka kesi iishe utamhesabia vibaya? Ndugu zangu mi nimekulia sehemu ambayo ukituhumiwa ukanyamaza watu wanasema basi kakubali. Nikamjibu hivyo hivyo, kwamba nilivyolelewa kunyamaza kunatia shaka, lakini kama sheria inasema ana haki ya kunyamaza na kazi ya kuthibitisha ni ya serikali basi nitaifuata. Nikajua hapo wamenitoa. Hawakunitoa.

Kila upande unaruhusiwa kuwafuta watu kadhaa bila kutaja sababu, kwahiyo ukifutwa usione umedharauliwa. Ila tangu kesi ya Batson ya 1986 Mahakama Kuu ya Marekani imekataza mwendesha mashtaka kumfuta mtu kwa rangi yake, na baadae mawakili wa watuhumiwa nao wakakatazwa.

Hatua ya 7: Kesi na kile chumba. Mnaapishwa. Wengi wanajua juri ni watu 12 lakini kwa makosa madogo Texas tunakaa 6. Kuanzia hapo huruhusiwi kutafuta chochote mtandaoni kuhusu ile kesi, wala kwenda kuangalia lile eneo, wala kumsimulia mumeo. Mume wangu aliniuliza mezani nikamwambia nitakuambia ikiisha.

Kipimo cha damu hakikuwepo. Kilichokuwepo ni maneno ya polisi na video ya usiku, bwana yule anapimwa ulevi kwa kutembezwa kwenye mstari, hatua 9 kwenda kisigino kinagusa kidole, anageuka, hatua 9 kurudi. Kwenye kugeuka akayumba. Tukaingia chumbani, tukamchagua kiongozi wetu, tukapiga kura ya kwanza kwa vikaratasi, wanne ana hatia, wawili hana. Mimi nilikuwa kwenye wale wanne.

Tukaomba video tuione tena. Mara ya pili ndo nikatazama miguu, maana mara ya kwanza nilikuwa natazama uso wake. Alikuwa amevaa kandambili. Na pale aliposimamishwa ni pembeni ya barabara, changarawe tupu. Mimi kandambili nimezivaa maisha yangu yote, nimechotea maji na kandambili, najua ukigeuka ghafla kwenye changarawe ile kamba inavutika, soli inabaki nyuma na mguu unatangulia mbele, na utayumba hata kama umekunywa uji. Nikawaambia. Wakanyamaza. Yule kijana wa gereji, kumbe na yeye alichaguliwa, akasema rudisha nyuma tuone tena. Tukaiona mara nne.

Sikusema hakulewa. Mpaka leo sijui kama alilewa. Lakini jaji alitusomea kwamba lazima uhakika upite shaka yoyote ya maana, na mimi shaka nilikuwa nayo, ipo miguuni kwake naiona. Tulikaa saa tatu na nusu. Tukatoka wote sita, hana hatia. Yule bwana aliinamisha kichwa mezani akalia, mama yake nyuma akawa anamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jaji akamwomba anyamaze. Nilipofika kwenye gari nilikaa nusu saa sijawasha.

Kwetu nilikuwa nawaona wazee wa baraza wakikaa na hakimu mahakama ya mwanzo, nikajua kuhukumu ni kazi ya watu wenye mvi wanaoheshimika mtaani. Sikujua iko siku nitaketi mimi, na lafudhi yangu hii, na kitu nilichokijua kutoka Tanga kikawa na kazi pale.

Hatua ya 8: Malipo. Texas ni dola 20 siku ya kwanza na 58 kila siku inayofuata, tangu Septemba 2023, zamani siku ya kwanza ilikuwa 6. Federali ni 50 kwa siku. Chukua cheti cha kuhudhuria upeleke kazini.

MASWALI YENU

Mama Nasra: Dada mimi nina grini kadi tu, sijawa raia, na barua imekuja. Mume wangu anasema nichane.

Jibu: Usichane dada yangu. Huenda imekuja kwasababu ya leseni yako ya udereva. Weka alama pale panapouliza uraia kwamba SIO raia, saini, rudisha, baki na nakala. Usiende kukaa juri ukidhani unafanya wema, na usijaze kwamba we ni raia hata kwa bahati mbaya, kujidai raia wakati sio kunaweza kukufungia uraia na hata kukurudisha nyumbani. Na kama uliwahi kuandikishwa kupiga kura kimakosa ulipokuwa unachukua leseni, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujarudisha hiyo fomu, maana Texas kwa mfano majina ya wanaosema sio raia yanapelekwa kwa waandikishaji wa kura.

Mdau Ohio: Kingereza changu cha kuombea maji. Wataniwekea mkalimani?

Jibu: Mkalimani ni wa mtuhumiwa na mashahidi, mjumbe wa juri kwa kawaida hapewi. New Mexico ndo tofauti, katiba ya jimbo lao inalinda haki ya kukaa juri hata asiyejua Kingereza. Kwingine andika ukweli kwenye fomu, jaji atakuuliza mwenyewe na kama kweli huelewi atakuruhusu uende. Ila kaka lafudhi sio kutokujua Kingereza, usichanganye hayo mawili.

Dereva wa Boston: Mi naendesha teksi za app, siku nisipotoka sili. Inakuaje?

Jibu: Massachusetts mko afadhali, siku moja au kesi moja ndo basi, ukienda usipochaguliwa siku hiyo umemaliza. Mwajiri analipa siku 3 za kwanza, kuanzia ya nne jimbo linatoa dola 50 kwa siku. Wewe uliyejiajiri mwambie jaji wazi wazi kesi ndefu itakuumiza vipi, nenda na makaratasi ya mapato na kodi ya nyumba. Alafu chagua mwenyewe tarehe ya wiki ambayo biashara huwa imelala.

Binti Mvita: Nimepigiwa simu na mtu anasema ni askari wa kaunti, eti sikwenda juri kuna hati ya kunikamata, nilipe dola 900 kwa kadi za zawadi za dukani. Nimeshanunua mbili.

Jibu: Usimsomee namba za hizo kadi! Huyo ni tapeli mdogo wangu. Mahakama haipigi simu kudai hela, wala haipokei kadi za zawadi. Kata simu, tafuta mwenyewe namba ya mahakama ya kaunti yako uwaulize. Kama umeshasoma namba piga sasa hivi kwa kampuni ya kadi, risiti ziwe mkononi, na katoe taarifa polisi. Tafadhali rudi hapa uniambie imekuwaje.

Mchungaji J: Biblia inasema msihukumu. Nina amani gani ya kukaa pale?

Jibu: Mchungaji nakuheshimu, mimi Muislamu na swali hilo nililala nalo. Nilichokikuta ni kwamba hukuulizwa kama yule mtu ni mwema au mbaya, unaulizwa kama serikali imethibitisha jambo moja ililolisema. Kama bado moyo unakataa mwambie jaji, wanaambiwa sana hilo. Na kama ni kuapa ndo hutaki, unaweza kuthibitisha tu bila kula kiapo.

Binti Mvita: Dada sikuwa nimezisoma. Nimempigia yule wa duka amesema nirudi na risiti kesho asubuhi. Nimempigia karani wa mahakama pia, jina langu halipo kabisa kwenye orodha yao.