Pedali ya breki inazama, mafuta yanapungua: anza na mguu kabla ya spana

Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yakipungua taratibu kwa miezi, huenda pedi zimelika tu na pistoni zinazozisukuma zimesogea nje. Yakipungua ghafla, yanavuja, na kujaza tena ni kuahirisha ajali. Pedali ikigusa sakafu gari haliendeshwi, hata kwenda gereji. Livutwe.

Hatua ya 1: sikiliza pedali. Gari limesimama, injini inaunguruma. Kanyaga, shikilia nusu dakika.

Ikibonyea laini halafu ikapanda ukipampu, kuna upepo kwenye mfumo, au viatu vya dramu (vipande vinavyosugua dramu ya gurudumu kwa ndani) viko mbali mno na dramu. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja, ama raba za ndani ya masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) zimechoka na mafuta yanazipita bila tone kuonekana nje. Hili la pili ndilo linalowapotezea watu muda chini ya gari.

Ikiwa ngumu kupita kawaida, shuku busta, kifaa kinachotumia vakyumu ya injini kuongezea mguu nguvu. Zima injini, pampu mara tano hivi, shikilia, washa. Busta nzima huishusha pedali kidogo. Isiposhuka, kagua kwanza mpira wa vakyumu unaotoka kwenye injini. Ni rahisi kuliko busta mpya.

Hatua ya 2: fuata mafuta. Weka kigingi kwenye magurudumu, inua kwa jeki, kisha simamisha gari juu ya stendi. Jeki peke yake haiaminiki. Angalia upande wa ndani wa kila tairi, mipira ya breki, na paipu za chuma hasa zinapopita juu ya ekseli ya nyuma, maana kutu hupenda kujificha hapo.

Nyuma kwenye dramu, ivue, halafu kwa bisibisi nyembamba inua raba ya vumbi ya silinda ndogo inayosukuma viatu. Unyevu kidogo si neno. Mafuta yakichuruzika, silinda imekwisha. Viatu vilivyolowa havioshwi, badilisha vya magurudumu yote mawili.

Hatua ya 3: ukishatengeneza, toa upepo na ujaze mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki. Futa kifuniko kabla ya kukifungua. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, mafuta yanapungua lakini chini pakavu kabisa.*
Chungulia nyuma ya masta silinda, inapofungwa kwenye busta. Sili ya nyuma ikifa, mafuta huingia ndani ya busta, na injini ikiyavuta utaona moshi mweupe kwenye ekzosi.

*Mkuu, dharura naweza kuweka oili ya injini?*
Hapana. Hata kidogo hufanya raba zivimbe, na utabadilisha kila raba iliyoguswa. Kwa aina za mafuta ya breki, DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na DOT 3 wala DOT 4.

*Nimebadilisha kalipa (zinazobana pedi) za mbele, natoa upepo kila siku, pedali bado laini. Masta silinda?*
Usinunue bado. Nipo (skrubu yenye tundu) ya kutolea upepo iko juu au chini ya kalipa? Ikiwa chini, kalipa ya kushoto imefungwa kulia na ya kulia kushoto. Upepo unakaa juu, hautoki hata upampu mpaka kesho. Zibadilishane pande, kisha toa upepo upya.