Jinsi ya kujua ngozi safi iliyotengenezwa kwa magome ya miti

Ukitaka mkanda au pochi ya kukaa nayo miaka, usianze na rangi, anza na ukingo pale ngozi ilipokatwa, kama haujapakwa rangi. Ngozi ya magome, miwati au mwaloni kwa mfano, huwa kahawia mpaka katikati, ila ile ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu badala ya magome, mara nyingi ukichungulia kati unakuta kijivu au kibluu hivi. Kromu inamaliza kazi ndani ya siku moja au mbili, magome yanataka wiki kadhaa, hata miezi, ndo maana bei zao haziko sawa.

Halafu ikunje kidogo kwa kidole, itaweka mikunjo midogomidogo na rangi itabadilika pale unapobonyeza, na ukiangalia vizuri vitundu vya vinyweleo havijapangana, kuna kovu hapa, alama ya kupe pale, na mi hizo alama nazipenda kabisa kwa sababu ngozi iliyosagwa juu ikapigwa plastiki haina hata moja, iko laini kama kioo alafu baadae inabanduka. Harufu nayo, iwe ya mti mti, sio ya rangi.

Tone la maji linaingia na kuacha doa jeusi, likikauka linafifia, ila usijaribie dukani bila ruhusa jamani.

Ukishanunua, mafuta kidogo sana, ikilowa kausha kivulini mbali na moto. Itazidi kuiva rangi kwa jua na jasho la mikono yako.